Wale wa saa nane: kwa nini kila grupu huvumishiwa wakubwa wa siri

Usiku mmoja, saa mbili na kitu, mtu aliandika kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa kijijini, huku Pemba upande wa Wete, kwamba pampu ya kisima imeungua na fundi amesema haitengenezeki, inatakiwa mpya. Watu wakaitikia kama wanavyoitikia siku zote. Mmoja akaweka viganja vya dua. Mmoja akauliza ile iliyonunuliwa mwaka juzi ilikuwa ya namna gani. Mmoja, yuko Maskati, akasema atatuma chochote akitoka kazini. Watu wakalala. Baada ya sala ya alfajiri wakakuta ujumbe mpya: pampu imeshalipiwa Chake, fundi anaifuata, na ambaye hajachanga alete kwa ajili ya mabomba.

Mzee mmoja akauliza swali moja tu: "Kikao kimekaa saa ngapi?"

Kijana akamjibu: "Saa nane usiku, ami. Wewe ulikuwa ushalala."

Siku ile ndipo walipozaliwa "wale wa saa nane". Umeme ukikatika, wale wa saa nane wamezima. Boti ikichelewa kuondoka Malindi ya Unguja, wale wa saa nane hawajapanda. Mvua ikinyeshea karafuu zilizoanikwa, watu huulizana nani kawaudhi. Mtu akitoka grupuni kimya kimya, hakosi wa kuandika: "Kaitwa." Na kila anayeulizwa kama yumo hujibu maneno yale yale, "Hakuna kitu kama hicho," akaweka na kicheko nyuma yake.

Mimi ni mmoja wa maadmini wa grupu lile. Nimecheka na wenzangu, na bado nacheka. Lakini Ramadhani iliyofuata kuna jambo lilitokea, nitalieleza mbele, lililonifanya nitake kuujua mzaha huu mpaka mizizini: unatoka wapi, watu wanautakia nini, na unaacha saa ngapi kuwa mzaha.

Si sisi tuliouanza. Asili yake mtandaoni ni Marekani ya miaka ya 1980, na ukiisoma hadithi yake utaona usiku umo tangu mwanzo.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuzifanya kompyuta za vyuo zipelekeane ujumbe ambao mtu yeyote aliyeunganishwa aweze kuusoma na kuujibu. Steve Bellovin, wa chuo jirani cha North Carolina, akaandika programu ya mwanzo. Mtandao huo ukaitwa Usenet. Haukuwa na makao makuu wala mwenyewe. Kompyuta moja ilipiga simu, simu hii hii ya waya, kwa kompyuta jirani, ikamwaga ujumbe wote uliokusanyika kwake, kisha jirani naye akampigia wa mbele yake. Simu za masafa zilikuwa ghali mchana na nafuu usiku. Kwa hiyo kompyuta nyingi zilisemezana usiku, wenyewe wamelala, na asubuhi watu wakaamka wakakuta mazungumzo yameshafika.

Anayetoka Pemba atalielewa hili haraka. Ukitaka kumpelekea nduguyo wa Unguja kifurushi, unamtafuta msafiri. Hakuna sheria inayomlazimisha kubeba. Akikwambia begi limejaa, kifurushi chako kimebaki gatini, na huna pa kumshitaki. Msafiri yule hana cheo chochote, lakini asubuhi ile ana nguvu juu ya mzigo wako kuliko sheha.

Usenet ilikuwa hivyo hivyo. Kadiri ujumbe ulivyozidi, gharama ya simu ikazidi, na vituo vidogo, yaani kompyuta zilizounganishwa, vikawa vinategemea vichache vikubwa ambavyo waajiri wa wasimamizi wake walikubali, au hawakuona, bili za simu. Mwaka 1983 Gene Spafford, wakati huo mwanafunzi wa Georgia Tech, alisaidia kuvipanga vituo hivyo vikubwa ili ujumbe ufike upesi na kwa uhakika. Wakaviita uti wa mgongo. Wasimamizi wake walikuwa na orodha yao ya barua pepe wakiandikiana wao kwa wao, na watu wa nje wakawapa jina la mzaha: genge la uti wa mgongo.

Neno la Kiingereza walilotumia ni cabal, na neno hili lina udugu na sisi ambao wengi hawaujui. Limepitia Kifaransa kutoka Kiebrania, kabala, yaani mapokeo, elimu ya siri inayopokewa kwa mwalimu. Mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu wenye qafu, ba na lamu. Sisi mzizi huo tunao mdomoni kutwa: kubali, kabla, kabila, kibla. Waingereza walilizoea zaidi neno hilo wakati wa Mfalme Charles wa Pili, kati ya 1668 na 1674, alipokuwa na washauri watano, Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley na Lauderdale. Herufi za mwanzo za majina yao zikipangwa zinaandika neno lenyewe. Neno lilikuwepo kabla yao, lakini sadfa ile iliwapa watu ushahidi wa kuchekea, na ushahidi wa kuchekea haufutiki.

Sasa, je, genge la uti wa mgongo lilikuwepo? Lilikuwepo. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Wasimamizi wale walikuwa watu halisi, walijuana, walijadiliana faraghani, na yapo mambo waliyoyaamua. Kubwa lao ni la 1986 na 1987, walipoyabadilisha majina ya makundi yote ya mazungumzo na kuyapanga katika koo saba. Mojawapo waliitenga kwa makundi ya mabishano yasiyokwisha, ili vituo visivyotaka kuyalipia viyakatae kwa urahisi. Vituo vya Ulaya vilikuwa vikiona tabu kulipa simu za kuvuka bahari kwa ajili ya zogo. Ukiitazama hivyo, siri yote ya wakubwa wale ilikuwa bili ya simu. Lakini mtu aliyeamka akakuta kundi lake limebadilishwa jina hakuiona bili. Aliona amri tu.

Wapo waliokasirika. Brian Reid alikuwa na kundi lake la mapishi, hakuupenda mpango mpya. John Gilmore alitaka kundi la kuzungumzia madawa ya kulevya, akakataliwa. Tarehe 7 Mei 1987, wao wawili na Gordon Moffett walikutana kwenye mkahawa wa nyama choma huko Mountain View, California, wakakubaliana kuanzisha ukoo mpya, alt, ambao kompyuta zao zingeupitisha bila kupita kwenye uti wa mgongo. Walikuwa na mashine zao na simu zao, basi. Kisa hiki nakipenda kwa jambo moja: waliochoka na watu wachache wanaoamua faraghani walilimaliza shauri lao kwa kukaa watu watatu, meza moja, wakaamua. Sisemi walikosea. Nasema hivyo ndivyo kazi inavyofanyika, na ndiyo maana uvumi haukosi pa kushika.

Mwisho wa 1988 orodha ile ya wasimamizi ilivunjika kwa ugomvi wao wenyewe. Na hapo usemi ukapata nguvu zake zote: "Hakuna genge." Watu waliuandika mwisho wa barua zao. Msimamizi akilalamikiwa alijibu kwa huo huo. Genge limeshakufa, na kukana kwake ndiko kunaenea! Mwanzoni hili lilinishangaza, mpaka nilipolitazama grupu letu. Mzaha wa namna hii haumtaki mtu mwenye nguvu. Unataka pengo. Jambo limefanyika, aliyelifanya haonekani, na watu wana haki ya kuuliza lakini hawataki kugombana. Mzaha unawapa njia ya kuuliza bila kuvunja udugu.

Hili sisi tunalijua kwa utani. Mtani anaweza kukwambia mbele ya maiti wenu maneno ambayo angeyasema mwengine mngepigana. Yule mzee aliyeuliza kikao kimekaa saa ngapi alikuwa anasema: mbona mimi sikuulizwa, nami ndiye niliyekichimba kile kisima? Angesema hivyo waziwazi, ingebidi mtu ajitetee, na mwengine amtetee, na harusi ya mwezi ule ingekuwa na watu wa kambi mbili. Kijana alimwokoa kwa kutunga kikao ambacho hakipo. Lawama ikapata mwenyewe asiye na mwili.

Mtandaoni pengo hili ni kubwa kuliko barazani. Ukikaa Jaws Corner, baraza ya kahawa pale Sokomuhogo, Unguja, na kikombe chako cha kahawa mkononi, unaona kila kitu. Unaona nani kanyanyuka na nani, nani kanong'ona, nani kasikia akanyamaza. Kimya cha barazani kina uso. Kwenye grupu lenye watu mia tatu, kimya cha mia mbili na hamsini ni giza tupu, na hujui humo gizani nani anazungumza na nani pembeni. Jakob Nielsen, Mdenmark aliyebobea katika matumizi ya kompyuta, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jamii nyingi za mtandaoni watu tisini katika mia hutazama tu, tisa huchangia kidogo, na mmoja hufanya sehemu kubwa ya kazi. Ni kanuni ya kukadiria, lakini kila admini anayenisoma ataitikia. Mmoja yule akifanya kazi kwa wiki tatu bila kuulizwa, wiki ya nne ameshakuwa serikali.

WhatsApp yenyewe inaongeza giza. Tangu 2022 mtu akitoka grupuni maadmini peke yao ndio hupewa taarifa, wengine wanashtukia tu hayupo. Admini aliyebaki peke yake akiondoka, programu inamteua mwanagrupu mwengine bila kumuuliza mtu. Nimeshuhudia hili katika grupu la watu tuliosoma skuli moja: mwenzetu ambaye hajaandika neno tangu aingizwe aliamka siku moja yeye ndiye mwenye mamlaka. Alikanusha kwa wiki nzima. Kila alivyokanusha, ndivyo alivyozidi kuwa mkubwa.

Na kukanusha ndiko kunakoufanya mzaha huu usife. Wajerumani wanao wa namna hii, maarufu sana. Mwaka 1994 mwanafunzi wa kompyuta, Achim Held, aliandika kwenye Usenet ya Kijerumani kwamba mji wa Bielefeld haupo. Unaulizwa: unamjua mtu anayetoka Bielefeld? Umewahi kufika? Unamjua aliyewahi kufika? Ukijibu hapana mara tatu, umeona mwenyewe. Ukijibu ndiyo, basi nawe ni mmoja wa Wao, wanaoudanganya ulimwengu kwamba mji upo. Bielefeld ni mji wa watu zaidi ya laki tatu. Mwaka 2019 mji wenyewe, kwa kuusherehekea mzaha ule, ulitoa ahadi ya euro milioni moja kwa atakayethibitisha kwamba mji haupo. Hakuna aliyezichukua.

Kisa chengine kinafaa kwa sababu kinaonyesha namna ya kuibeba tuhuma. Mwaka 1997 watu waliokuwa wakipambana na barua za matangazo zisizotakiwa mtandaoni walishutumiwa kwamba wanalipwa na kampuni za mbao, kwani barua pepe zikishamiri karatasi hazitauzwa na miti haitakatwa. Hawakutoa hesabu za benki kujitetea. Walianza kujiita wanachama wa umoja wa wakata miti, wakajipa nambari za uanachama, na mwisho wa kila barua wakaandika kwamba umoja huo haupo. Tuhuma ikawa vazi la sherehe, na aliyeituma hakuwa na la kuongeza.

Hapa kwetu msemo tunao tangu zamani: Wapemba hujuana kwa vilemba. Anayeusema kwa wema anamaanisha wenye jambo lao wanaelewana kwa ishara. Anayeusema kwa machungu anamaanisha wewe si wao. Maneno ni yale yale, kilemba ni kile kile. Kinachobadilika ni mahali anaposimama msikilizaji, ndani au nje, na hili ndilo lililonifika mimi.

Ramadhani ile grupu lilichanga futari kwa nyumba zenye dhiki: mchele, unga, tende, mafuta, sukari. Tuliandika kwamba mwenye kuhitaji, au anayemjua mwenye kuhitaji, amtumie ujumbe yeyote kati ya watu watatu. Kuna bibi mmoja mjane, simu anayo, lakini macho hayamsaidii. Mjukuu wake wa darasa la tano humsomea ujumbe wa grupu kila jioni. Hakuleta jina lake. Tulidhani watoto wake wa Dar es Salaam wameshamtumia. Siku ya Idi mke wangu alikwenda kumpa mkono, akaona hali ya jikoni, akamuuliza kwa upole, mbona bibi hukutuambia?

Alijibu: "Mie nisijitie. Wale wa saa nane wanajuana wenyewe. Mie sijuani nao."

Nilikwenda mwenyewe jioni ile. Nikamwomba mtoto anisomee ujumbe wa siku moja kama anavyomsomea bibi yake. Akasoma vizuri, taratibu, neno kwa neno: "Wale wa saa nane wameshaamua, nyie wengine laleni." Nikaangalia skrini. Baada ya neno laleni palikuwa na vicheko vinne, nyuso za njano zinazotoka machozi. Mtoto hakuvisoma. Na angevisomaje? Mwaka mzima bibi alikuwa akisomewa mzaha wetu bila kicheko chake. Kwake zilikuwa ni taarifa.

Hapo ndipo nilipouona mpaka. Mzaha wa wakubwa wa siri ni salama pale ambapo kila anayeusikia anaweza kuujibu. Mzee wa kisima aliweza kujibu. Yule admini wa bahati aliweza kujibu, ingawa hakuaminiwa. Bibi hakuweza, kwa hiyo kwake ule haukuwa mzaha, ulikuwa mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango ule hakukuwa na mtu. Msemo wetu wa lisemwalo lipo unatisha ukisikilizwa hivi. Tulisema kuna mlango, basi kwake ukawepo.

Niliyoyafanya ni machache. Nililieleza grupu nzima jinsi pampu ilivyonunuliwa. Watu walikuwa watatu: mwalimu mstaafu anayeshika pesa, mimi ninayeandika, na yule ndugu wa Maskati. Saa ya kule imetangulia yetu kwa saa moja, naye hutoka kazini usiku wa manane. Yeye ndiye aliyejaza pengo la pesa, na alikuwa na robo saa ya mapumziko. Fundi alisema asipoipata asubuhi anavuka kwenda Unguja na harudi kabla ya wiki mbili. Tukazungumza kwa simu, tukalipa. Haikuwa saa nane, ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Kuanzia hapo kila linaloamuliwa linaandikwa siku ile ile: nani walizungumza, saa ngapi, shilingi ngapi.

Nilitegemea uwazi ungeuzima uvumi. Haukuuzima, na nimeelewa kwa nini kwa kuitazama Wikipedia. Kule kila badiliko la kila ukurasa lina kumbukumbu, saa na dakika, na yeyote anaweza kulisoma. Orodha ya wasimamizi, au wakabidhi kama tunavyowaita kwenye Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, iko wazi. Hata hivyo kwenye ile ya Kiingereza uvumi wa genge haukwisha, mpaka watu waliojitolea kusuluhisha ugomvi wa waandishi, wasio na amri juu ya yeyote, wakajiita kwa jina hilo hilo la genge. Walifanya kazi yao kwa miaka kadhaa hadi 2012. Uwazi unamsaidia anayesoma, na wengi hawasomi, hawana wakati, au wanasomewa. Wanachokitaka watu si daftari tu. Wanataka kujua kwamba wakiita, kuna mtu ataitika.

Kwa hiyo wale wa saa nane wapo bado, na watu wanawacheka bado. Mjukuu wa bibi nilimwomba kitu kimoja, kwamba akiona uso wa njano aseme "kacheka". Anafanya hivyo. Mke wangu amemsikia: "Wale wa saa nane wamepandisha bei ya pweza. Kacheka. Kacheka. Kacheka."

Mwezi wa Mfunguo Tatu bomba la kisima lilipasuka, na ujumbe ukaingia usiku kama kawaida yake. Kabla hatujajibu, ulikuja ujumbe wa sauti, sekunde tisa, sauti ya bibi, na nyuma yake kuku wanahangaika bandani. "Mie saa nane niko macho, usingizi sina tena. Nipigieni."

Tulimpigia.